Mti Usio na Ardhi

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nilipofikia umri ule, miaka arobaini na ushei, nilikuwa nimekwisha kumwona mtu akiuza kisima kimoja kwa wanunuzi wawili, na wote wawili wakaja kuteka asubuhi moja. Nilikuwa nimemwona Mzungu akilipa pesa ili apigwe picha na ngamia aliyeletwa kwa lori, na yule ngamia akamtapikia. Nilizaliwa upande wa Taru, penye mbuzi wengi kuliko maji. Nikasoma mpaka darasa la tatu, nikatolewa kwa sababu mbuzi walikosa mtu, wala sikulia. Nikashuka pwani na shati moja, nikaingia katika timbo la mawe nyuma ya Diani, nikapasua mpaka viganja vyangu vikawa kama soli ya kiatu. Wenzangu walikuwa wakipasua kisha wanapumzika. Mimi nilikuwa nikipasua huku nikihesabu. Kuta nyingi za hoteli zile unazoziona ukipita barabara ya ufuoni, mawe yake yamepita mikononi mwangu. Baadaye nikanunua lori kuukuu, kisha nikafungua duka la vifaa vya ujenzi pale Ukunda, na hakuna mjomba wala mbunge aliyenisaidia. Kwa hiyo mtu akija kuniambia ana jambo litakalonishangaza, mimi humwambia aketi kwanza anywe maji.

Ninayasema haya ili ujue kwamba aliyejificha kichakani siku ile kumvizia mtu mwenye penseli hakuwa mpumbavu.

Nilikuwa na shamba upande wa juu wa barabara ya Lunga Lunga, kabla hujafika Msambweni. Limepakana na msitu. Nilinunua kwa mzee mmoja wa Kidigo, sasa ni marehemu, Mungu amrehemu. Tulinunuliana kwa mashahidi na kwa sinia ya wali wa nazi, karatasi haikuwako. Mzee alinishika mkono akanitembeza kutoka kwenye mbambakofi mkubwa uliosimama ukingoni mwa msitu mpaka kwenye kijito, akaniambia, “Mpaka wako huu, mwanangu.” Mkono ule ulikuwa mkavu na mzito, mkono wa mtu aliyelima, nami nikauamini kuliko mhuri.

Shamba lenyewe halikuwa kubwa. Mikorosho, minazi michache, na mihogo niliyoipanda mimi. Lakini nilikuwa nimemwahidi mama yangu kwamba nitamtoa Taru nimjengee pale. Mama yangu alibeba maji kichwani tangu alipokuwa msichana mpaka shingo yake ikazama mabegani. Nilimwambia, “Mama, kule utasikia maji yakipita ukiwa kitandani.” Aliniambia nisimtanie. Duka linaweza kuungua na lori linaweza kupinduka, lakini nilijua mwanamke yule hataningojea mara mbili.

Basi, mwaka wenyewe ulikuwa mbaya. Zile fujo za Likoni, watu wa bara walipofukuzwa, zilikuwa zimepita, watalii wamekimbia, hoteli nusu yake zimefungwa na nusu zimewasha taa kwenye lango tu. Kisha ikaja ile mvua kubwa iliyonyesha mchana na usiku, na ilipokwisha, msitu ukawa umenenepa, njia zote zimefungwa na majani. Na kila mahali palikuwa na uvumi wa wapimaji. Ati wameonekana Gazi. Ati wameonekana Kibuyuni, wameweka bikoni, zile alama zao za mipaka, hadi pwani wanakoanika samaki. Ukilala na shamba lisilo na karatasi, waweza kuamka ukakuta karatasi isiyo na wewe. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu kila jioni, na watu walikuwa wakiangaliana kwa pembe ya jicho hata ndani ya nyumba.

Aliyenipa habari ni mama mmoja wa Kidigo, jirani wa shamba, ambaye alikuwa akinilimia ile mihogo na kuchukua fungu lake. Alikuwa mkubwa kwangu, na alikuwa akiniita “tajiri” kwa sauti ambayo sikuwahi kujua kama ni heshima au ni dhihaka.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, tajiri. Naona umenona.”

“Ni upepo tu, mama.”

“Haya. Mgeni wako umeshamwona?”

“Mgeni gani?”

“Yule wa bara. Huja na kigoda chake, akakaa huko msituni akiukabili mti wako, akafumba jicho moja.”

“Hufumba jicho?”

“Hufumba. Akanyoosha mkono hivi, kama anayemwonyesha mtu kisu. Kisha akaandika. Kisha akafumba tena.”

“Na wewe hukumuuliza?”

“Nimuulize mie? Shamba la nani?”

Nilisimama pale na ufunguo wa lori mkononi. Mimi nimepeleka mawe katika viwanja vingi, na kabla ya mawe kushushwa huwa wamepita wapimaji. Niliwajua vizuri. Mtu akisimama kuikabili ardhi na kufumba jicho moja, jua kuna nyumba fulani ya makuti itahamishwa. Nilikwenda mpaka kwenye mti. Nikazunguka upande wa msituni, na pale, mbele ya mti kwa umbali wa kama kutupa jiwe, nikavikuta: vigingi vitatu vidogo, vimechongwa vizuri, vichwa vimepakwa rangi nyekundu. Nikaving'oa nikavitia mfukoni.

Siku ya pili niliacha lori mbali, kwenye lami, nikaingia msituni kwa miguu tangu asubuhi. Nilijificha kwenye kichaka kinene nyuma ya ile sehemu ya vigingi. Sikujua kwamba kichaka kile kilikuwa na wenyewe. Siafu walinipanda mpaka kwenye magoti, nami sikuweza hata kupiga kofi, kwa sababu mtu wangu alikuwa amekwisha kufika.

Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa suruali nyeusi ya sare ya hoteli, ile yenye mstari pembeni, na begi begani. Alizunguka akitazama chini kama kuku aliyenyang'anywa mayai. Alipovikosa vigingi vyake, akarudi nyuma, akaja mbele, akakikunjua kigoda cha miguu mitatu, akaketi, akainuka, akakisogeza kidogo, akaketi tena. Nikajiambia, mtu anayehangaika hivyo juu ya mahali pa kuketi hana kazi ya haki.

Akatoa ubao mwembamba wenye karatasi. Kisha akatoa kadi ngumu iliyokatwa dirisha katikati, na dirishani amefunga nyuzi zinazopishana. Akaiinua, akafumba jicho, akautazama mti wangu kupitia zile nyuzi. Nikasema moyoni, basi mashine yenyewe hiyo. Serikali imefilisika mpaka wapimaji wanapima kwa kadi. Akaiweka, akashika penseli, akaunyoosha mkono wote mpaka kiwiko kikakakamaa, kidole gumba kikateremka juu ya penseli kidogo kidogo, kikasimama. Akaandika. Akarudia. Kilichonitia shaka zaidi ni kwamba alikuwa akitazama sana na kuandika kidogo. Mtu mwenye kazi ya halali huandika. Anayetazama namna ile ni mchumba au mwizi.

Siafu walipofika pabaya nilitoka.

Hakukimbia. Alishtuka tu, akashika ubao wake kifuani. Mtu wa bara peke yake msituni mwaka ule alikuwa na haki ya kushtuka, hilo ninalisema.

“Habari yako, mzee,” akasema.

Hakuniamkia kwa shikamoo. Nikaacha hilo lipite.

“Unapima nini hapa, bwana?”

“Napima hii mti.”

Hakuficha hata kidogo. Alitamka kama mtu anayesema anasubiri basi.

“Unaupima kwa sababu gani?”

“Nataka kuiweka kwa karatasi.”

Msomaji, labda wewe umezaliwa mahali ambapo maneno hayo hayana uzito. Kwetu Kwale, mwaka ule, ukimwambia mtu unataka kuweka kitu chake kwenye karatasi umemwambia afungashe mizigo. Nilimkaribia mpaka nikamsikia akipumua.

“Karatasi ya nani?”

“Yangu.”

“Mti wangu, karatasi yako.”

“Mzee, ni kuchora tu. Mimi nachora. Si unaona?”

Nikamnyang'anya ubao. Lazima niseme nilichokiona. Ulikuwa mti wangu. Si mti wa kwenye kitabu cha watoto, wenye kichwa cha mviringo. Ulikuwa mbambakofi ule ule, na lile bonge la shina lililovimba kama goti, na lile kovu mahali ambapo mvua kubwa ilivunja tawi, na yale maganda yake mazito yamening'inia yakiwa yamepasuka. Nilikuwa nimeupita mti ule miaka mingi bila kujua kwamba unaegemea kidogo upande wa msitu. Pale kwenye karatasi ulikuwa umeegemea. Nikauinua uso nikautazama wenyewe. Kweli umeegemea.

Lakini juu ya mchoro wote palikuwa na mistari ya miraba, kama ramani.

“Na hii mistari?”

“Ya kunisaidia. Nitaifuta.”

“Utaifuta.”

“Ikiisha, hakuna mtu ataiona.”

Nikazidi kuingiwa na hofu. Kisha nikaona jambo jingine. Chini ya mti hapakuwa na kitu. Shina limeshuka vizuri, limefika mahali pa mizizi, kisha karatasi nyeupe.

“Mti wako umesimama juu ya nini?”

“Hapo bado.”

“Hapo ndipo penye shamba langu, bwana. Umeuacha mti hewani.”

“Ardhi naweka mwisho. Mti inajionyesha yenyewe. Ardhi ndio ngumu, imejaa vitu ndogo ndogo.”

Nilimuuliza anatoka wapi na nani amemtuma. Akaniambia alikuwa akifanya kazi hotelini, kazi yake ilikuwa kuandika ubao wa chakula kila asubuhi kwa chaki, na kuupamba kwa samaki na mananasi. Wageni walipokwisha, ubao ukakosa wa kuusoma, naye akaambiwa apumzike. Alikuwa amelipa chumba Ukunda, hakuwa na nauli ya kurudi kwao, na hakuwa na hamu ya kurudi mikono mitupu. Nikamwambia Ukunda imejaa watu na nyumba, kwa nini asichore huko.

“Watu wa Ukunda nikiwachora wanataka niwalipe,” akasema. “Mti haijawahi niomba kitu.”

Sikucheka, ingawa ilikuwa karibu. Nilikuwa nikifikiri. Mtu mwingine angemchukulia panga au angempeleka kwa chifu, lakini mimi sikufika nilipofika kwa kupiga kelele. Niliona hivi: kama karatasi hii ina hatari, hatari yake iko kwa anayeishika. Nikishika mimi, itanifanya nini?

“Nauza?” nikamuuliza. Naye akanisahihisha, huyu mtu wa bara akanisahihisha Kiswahili: “Unauza, mzee. Mimi ndio nauza.” Nilikuwa nimechanganyikiwa kiasi hicho.

Akataja bei. Nikaikata nusu, kwa mazoea. Akakubali upesi sana, na jambo hilo pia halikunipendeza. Nikamwambia: utauchora tena mti huu, lakini safari hii utaanza na ardhi. Kila kilichoko chini ukiweke. Mihogo yangu ukiiona iweke. Na ukimaliza hutamuuzia mtu mwingine, utaniuzia mimi. Kisha nikatoa vile vigingi mfukoni nikampa. Akavitazama, akanitazama.

“Ni vya miguu ya kigoda,” akasema. “Nikikaa pengine hata kidogo, mti inabadilika. Asante kwa kuniwekea.”

Nilipita shambani nimeshika ile karatasi. Mama jirani aliacha jembe.

“Nionyeshe.” Akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. “Ni wenyewe. Na hii umenunua?”

“Nimenunua.”

“Mti ulio wako?”

“Ndiyo, mama.”

“Kesho atakuchora pua. Utainunua?”

Nilimwachia neno lake. Watu wanaocheka biashara zangu nimewaacha wengi timboni.

Baada ya kama juma moja nilikwenda kumtazama. Safari hii sikujificha. Nilikaa nyuma yake juu ya gogo, mahali pasipo siafu, nikamlinda. Alifanya kazi kama nilivyomwagiza. Majani makavu aliyaweka moja moja. Aliweka mbegu za mbambakofi zilizoanguka, zile nyeusi zenye kofia nyekundu, ingawa kwenye karatasi wekundu haukuwako. Aliweka mizizi inayotoka na kuingia kama nyoka anayejificha. Nyuma kabisa, kwa ncha ya penseli, aliweka mihogo yangu, majani yake kama vidole. Kwa mara ya kwanza moyo wangu ukatulia kidogo. Nikasema, sasa ipo karatasi inayosema pale pana mtu.

Kisha nikaona kitu kwenye pembe ya chini, upande wa kushoto wa mti, upande wa mihogo.

“Hili nini?”

“Jiwe.”

“Pale hakuna jiwe.”

“Liko.”

“Bwana, nisikilize. Mimi nimepasua mawe kabla wewe hujaota ndevu. Jiwe la pwani hii halina pembe. Ni la matumbawe, limejaa matundu, likikatika linakatika kama mkate. Ukitaka pembe mpaka ulichonge kwa tindo. Hili lako lina pembe kama sanduku. Jiwe hilo si la hapa.”

“Mimi sijui mambo ya mawe. Nachora yenye naona.”

“Umelitunga.”

Hapo nikamwona akikasirika kwa mara ya kwanza. Hakupandisha sauti. Aliweka penseli chini taratibu.

“Mzee, unaweza niita mpimaji. Umeniita. Unaweza niita mwizi, sawa. Lakini mimi situngi. Kaa hapa.”

Akainuka akanipa kigoda chake. Nilikaa kwa sababu nilitaka kumwaibisha. Kigoda kilikuwa cha chini, magoti yalinifika kifuani. Akanipa kadi yenye nyuzi.

“Fumba jicho moja. Angalia mraba wa mwisho, huku chini.”

Nikafumba. Ni ajabu namna dunia inavyonyamaza ukiitazama kwa jicho moja kupitia tundu. Niliuona mti, nikateremka kwenye mizizi, nikafika mraba wa mwisho. Kati ya majani mawili ya muhogo palikuwa na kitu cha kijivu. Kina pembe. Nikainuka, hakipo, kichaka kimekifunika. Nikakaa, kipo. Ilibidi uwe umekaa pale pale, kwenye vigingi vile vile, chini kama mtoto, ndipo kionekane.

Tulikwenda pamoja, mimi mbele. Niliyapangua majani kwa mguu. Chini yake palikuwa na simiti, mraba, imesimama wima, na katikati yake imechomoza ncha ya nondo. Pembeni pamekwaruzwa namba. Mimi nauza simiti. Umri wake naujua kwa rangi. Ilikuwa ya baada ya mvua. Bikoni ya wapimaji, ndani ya mihogo yangu, upande wangu wa mti.

Walikuwa wamekuja na kwenda zao, na mimi nilikuwa nimekaa msituni kuumwa na siafu nikimlinda mchoraji.

Nilimgeukia. “Nani alikutuma ukae pale?”

“Hakuna mtu.”

“Msitu wote huu. Ukachagua pale tu panapoonekana hii. Kwa nini?”

Akaitazama miguu yangu. “Sehemu zingine zote ziko na siafu,” akasema.

Huenda ni kweli. Mimi miguu yangu ilikuwa ushahidi.

Yule mzee aliyeniuzia alikuwa ameacha mwana mmoja, mfanyabiashara wa mpakani. Nilikwenda kumtafuta Lunga Lunga. Karatasi zangu juu ya shamba lile zilikuwa mbili tu, zote za penseli, nikazikunja nikazitia mfukoni, maana nilitaka niwe na kitu cha kushika. Nilimkuta nyuma ya malori yanayongoja kuvuka, akisimamia magunia ya vitunguu. Alinipokea vizuri, akaniagizia soda, akaniulizia hali ya duka, ya mama, ya nyumbani. Tulizunguka sana kabla ya kufika. Nilipomtajia bikoni hakubadilika hata uso.

“Ni yangu hiyo,” akasema. “Nimepimiwa. Kuna mtu wa mjini anaitaka.”

“Shamba nililolinunua kwa baba yako?”

“Ndugu yangu, shamba ni lako, hakuna aliyekunyang'anya. Mikorosho ni yako, minazi ni yako, mihogo utavuna. Baba alikuuzia shamba. Shamba ni miti. Ardhi hakukuuzia, ardhi ni jambo jingine.”

Niliiweka soda chini. Kwani nilikuwa nikiijua desturi hiyo. Kila mtu wa pwani anaijua: minazi yaweza kuwa ya fulani, na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwingine, wakaishi hivyo mpaka wajukuu. Nilikuwa nimeisikia katika kesi za watu wengine miaka yote, na sikuwahi kufikiri inanihusu. Mimi ni mtu wa Taru. Kwetu miti ni ya miiba, nani atakuuzia? Mtu wa kwetu akisema amekuuzia shamba, amekuuzia mchanga. Marehemu alisema neno lake kwa maana yake, nami nikalipokea kwa maana yangu, tukala wali.

Nikatoa ile karatasi ya kwanza, nadhani ili nimwonyeshe mpaka. Aliitandaza juu ya gunia. Aliutazama mbambakofi uliosimama juu ya weupe, kisha akacheka, kicheko kirefu kilichowafanya wapakizi wageuke.

“Nani amekuandikia? Huu ndio mkataba wenyewe. Mti, na chini patupu.”

Ningeweza kumpiga. Badala yake nikatoa ya pili nikaiweka juu ya ile ya kwanza. Hapo hakucheka. Aliinama. Kidole chake kilipita kwenye majani makavu, kwenye mizizi, kikafika kwenye mihogo, kikarudi.

“Mzee alikuwa akikaa kwenye mzizi huu,” akasema. “Huu hapa. Akivua viatu.” Kidole kikashuka pembeni. “Na hii ndiyo bikoni?”

“Ndiyo.”

“Mbona imeingia ndani hivi. Mie niliwaambia waiweke nje ya kilimo chako.”

Sijui kama alisema kweli. Watu wa mpakani wana maneno mawili kwa kila bidhaa. Lakini nilipouona uso wake umelegea nikajua mlango uko wazi kidogo, na mimi mlango ukiwa wazi kidogo huingiza bega zima. Nilimuuliza kama mtu wa mjini amelipa. Hakuwa amelipa yote. Nikamuuliza bei. Tukaanza. Tulivunja mazungumzo mara mbili nikapanda lori, mara mbili nikateremka. Jua lilipokuwa linapinda nilikuwa nimelinunua shamba langu mara ya pili: mara ya kwanza nilinunua juu, mara hii chini. Na safari hii tuliandika. Neno “ardhi” nililitaka liandikwe peke yake, kwa herufi kubwa, nikalisoma mwenyewe herufi kwa herufi, kisha wazee wa ukoo wake wakatia vidole gumba, na ile bikoni ikahamishwa mpaka nyuma ya mti, mkono wangu wenyewe ukiwa juu ya nondo.

Mama yangu alihamia pale kabla ya masika. Usiku wa kwanza hakulala. Alilalamika kwamba maji yanapiga kelele.

Mchoraji alipata nauli, kutokana na karatasi zangu kwa sehemu kubwa, akarudi kwao bara. Alikuja dukani kuniaga, na safari hii alisema shikamoo. Mama jirani humkumbuka, husema, “Yule kipofu wa jicho moja aliyekuona vizuri.” Mimi sina hakika. Hata leo nikiwa nimekaa dukani mawazo hunirudisha kwenye vile vigingi vitatu. Mtu asiye na nauli anawezaje kwenda kila siku mpaka karibu na Msambweni kutazama mti? Alijuaje kukaa pale? Mara nyingine nadhani alitumwa na mwana wa marehemu, nishtuke, nikimbie mpakani, nilipe kabla ya mtu wa mjini. Mara nyingine nadhani ni kweli alitafuta tu mahali pasipo siafu. Kule msituni nimeviacha vigingi vyake vilipo. Nikienda peke yangu huketi pale chini, nikafumba jicho moja, nikahakikisha hakuna kipya.

Zile picha mbili nimezitia vioo, zimening'inia nyuma ya kaunta, juu ya makopo ya rangi. Wateja wa siku hizi, hasa wenye kujenga, huzitazama wakaniuliza ni za nani na nilizinunua kwa bei gani. Wengine hufikiri nitataja kitu kidogo, penseli na karatasi tu. Mimi huwapigia hesabu yote bila kuficha: bei ya mchoraji, bei ya ardhi, mafuta ya lori, wali wa mashahidi, na ada ya ofisini. Shilingi elfu tisini na nne, mia sita na hamsini.